Kinu cha Ña Ceferina

Gogo haliishi kwa pigo moja. Mwenye shoka hubandua kipande leo, kesho kingine, na kila kipande kinapoanguka hujiambia kwamba hicho ni kidogo tu, gogo bado lipo. Siku anayotaka kulikalia ndipo huona kwamba pamebaki vumbi. Methali hiyo wengi huitoa wanapozungumzia mali, habari za mtu auzaye ng'ombe wake mmoja mmoja mpaka akabaki na kamba mkononi. Lakini mali hutafutwa ikapatikana tena. Hapa kwetu Loma Tajy tulimwona binadamu mzima akimalizwa namna hiyo, mchana kweupe, na aliyeshika shoka alikuwa akimpenda kuliko nafsi yake. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Binadamu huyo ni Ña Ceferina; Ña ndivyo tunavyomwita mwanamke mzima kwa heshima. Yeye alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, mfupi, mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi. Uwanja wake wote ulikuwa matuta ya mitishamba: mnanaa, mchaichai, kokú, na majani mengine ambayo majina yake aliyajua yeye na marehemu mama yake tu. Mbele ya mlango palikaa kinu cha mti mgumu, cheusi kwa uzee, kilichotwangwa na wanawake watatu wa ukoo ule kabla yake. Kila siku ilipofika saa tatu asubuhi, jua la huku linapoanza kuuma, mchi ulianza kulia. Basi watu walitoka majumbani na pembe zao za ng'ombe za kunywea, mrija wa chuma ndani yake, wakaenda kununua fungu la majani yaliyopondwa ya kutia kwenye terere, kinywaji chetu cha majani ya yerba na maji ya barafu. Terere bila mitishamba ni maji baridi ya yerba tu, nani atajisumbua nayo?

Wa kwanza kufika daima alikuwa jirani wa ng'ambo ya kichochoro, Mzee Policarpo. Ujana wake aliumalizia katika misitu ya Chaco akikata kebracho, mti unaovunja mashoka, na sasa macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Yeye na Ña Ceferina walikuwa na mapatano yasiyoandikwa popote. Mwanamke alitoa majani, mwanamume alileta barafu. Akisikia kinu, Mzee Policarpo hushika fimbo, huenda dukani pembeni kununua mfuko wa barafu, hurudi nao ukidondoka maji, kisha huketi chini ya kivuli cha paa wakabishana.

"Barafu yako leo ndogo, Policarpo. Umeilamba njiani?"

"Nimeilamba, ndiyo. Na wewe majani yako yananuka mbuzi."

Miaka kumi na saba walikuwa wakitaniana hivyo. Tena kinu kile kilikuwa na kazi nyingine ambayo hatukuitia maanani. Mwaka mmoja Ña Ceferina alishikwa na homa, saa tatu ikapita kimya. Haikufika saa tatu na nusu watu wanne walikuwa langoni wakipiga makofi, kama tunavyobisha hodi huku kwetu, wakiuliza kulikoni. Ndivyo mtaa ulivyojua kwamba mwanamke anayeishi peke yake yu mzima.

Kisha Zunilda akarudi.

Zunilda alikuwa mwanawe wa pekee. Alikwenda Buenos Aires akiwa msichana, na kwa miaka kumi na minane alifanya kazi ya kutunza wazee wa matajiri, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Alishuka kwenye basi na masanduku matatu na kiti cha magurudumu kilichokunjwa, zawadi ya familia ya bibi wa mwisho aliyemfia mikononi. Siku aliyofika alimkuta mama yake akivuta ndoo kisimani. Akamnyang'anya ndoo, akamkumbatia, akalia machozi ya kulowesha bega.

"Nimewaogesha mama za watu miaka kumi na minane," alisema, "na mama yangu mimi anachota maji. Basi, Mama. Imetosha. Kuanzia leo hunyanyui hata kijiko."

Ña Ceferina akacheka. Alidhani ni maneno ya safari.

Kumbe binti alikuwa amekata kauli. Ndoo ndiyo iliyokuwa ya kwanza, na kwa kweli nani angegombania ndoo? Likafuata jiko. Likafuata beseni la kufulia nguo. Kila mara Ña Ceferina alipinga kidogo, kisha akasema, "Haya, kama inakufurahisha," akaenda kuketi. Nisiwe mwongo, jambo hilo lilimpendeza pia. Sisi majirani tulikuwa hatufungi midomo. Kulikuwa na wanawake mtaani ambao watoto wao walikwenda Hispania na hawakutuma ila sauti za kwenye simu, na hao walipopita langoni walisema kwa wivu, "Una bahati wewe. Umezaa." Yeye alijibu kwa kujishaua, "Ndiyo, nimezaa." Mtu akisifiwa hivyo kila siku, atatoka vipi kesho yake kudai ufagio wake?

Mwezi wa tatu tangu binti arudi, Ña Ceferina alijikwaa kwenye mpira wa maji katikati ya matuta, akachubuka goti. Jeraha lenyewe lilikuwa la kupaka majani na kusahau. Lakini Zunilda hakulichukulia hivyo.

"Mama, wewe hujui. Kule nilikuwa na bibi mmoja aliteleza kwenye zulia. Zulia tu. Nyonga ikavunjika, na miezi mitatu baadaye nikamvisha nguo za kuzikiwa kwa mikono yangu hii. Sitaki kukuvisha wewe."

Maneno hayo yalikuwa kweli, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Wiki ile ile walikuja mafundi wawili na mchanga na saruji. Waling'oa matuta, wakasawazisha uwanja, wakaumwagia saruji kutoka mlangoni mpaka langoni, laini, bila hata kokoto moja ya kumkwaza mtu. Ña Ceferina alisimama kwenye kizingiti akitazama mnanaa wake ukibebwa kwenye toroli. Mzee Policarpo alikuwa ameegemea lango.

"Harusi iko lini?" aliuliza. "Maana ukumbi tayari."

"Nyamaza, Policarpo," alisema Ña Ceferina, lakini hakucheka.

Kwa muda alinunua majani kwa mchuuzi wa sokoni ili apate cha kutwanga. Ndipo Zunilda akaona jinsi mama yake anavyolikanda bega lake jioni. Akasema mchi ule ni mzito, bega litateguka, na zaidi ya hapo, mtu ambaye bintiye yupo anauza majani ya nini? Watu watasemaje? Akakiosha kinu vizuri, akakipaka mafuta ya kung'arisha mbao, akakiweka sebuleni chini ya dirisha, akakitia maua ya plastiki kando ya mchi. Kilipendeza. Mgeni yeyote aliyeingia alikisifu.

Asubuhi iliyofuata Mzee Policarpo alingoja mlio hadi saa nne. Hatimaye alikwenda dukani hivyo hivyo, akanunua barafu, akaja kupiga makofi langoni. Zunilda akatoka akifuta mikono.

"Mzee, shikamoo. Mama amepumzika."

"Marahaba. Mama yako hajawahi kupumzika saa tatu tangu azaliwe. Anaumwa?"

"Haumwi. Nimemwambia apumzike. Amefanya kazi ya kutosha maishani."

Mzee alisimama pale, maji ya barafu yakimtiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko. "Sikiliza, binti yangu," alisema. "Mimi nilikata kebracho miaka ishirini. Ule mti ukiupiga kwa hasira unakuvunjia shoka. Unaumaliza kwa kuudokoa. Unabandua kidogo, unabandua kidogo, unavuta sigara, unabandua kidogo. Jioni umelala. Mwachie mama yako kinu. Ndoo chukua, sufuria chukua, kinu mwachie."

Zunilda alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka ulimi wake hauna breki. "Mzee, wewe binti zako wako Madrid. Hawajui hata kama umekula jana. Usinifundishe mimi kutunza mzazi."

Mzee Policarpo aliuweka mfuko wa barafu juu ya nguzo ya lango, akageuka, akapapasa njia kwa fimbo yake mpaka kwake. Barafu ikayeyukia pale pale. Kwa muda mrefu hakurudi kupiga makofi kwenye lango lile, na mtu asimlaumu, maana neno lile lilimkata penye kidonda.

Ikaja Wiki Takatifu. Jumatano yake kila nyumba huku hukanda chipa, ile mikate ya wanga wa muhogo na jibini, na hakuna mwanamke anayekubali kuondolewa kwenye beseni siku hiyo. Ña Ceferina alijifunga aproni mapema. Aliingiza mikono kwenye unga, akaanza. Lakini mikono iliyokaa miezi bila kazi ilikuwa imesahau. Ilitetemeka. Mayai mawili yalianguka sakafuni, na miviringo aliyofinyanga ilikuwa minene huku, myembamba kule. Zunilda alivumilia nusu saa. Tanuri la udongo lilikuwa limeshapata moto na kuni zilikuwa zinaisha.

"Mama, kwa mwendo huu tutakula chipa Pasaka. Nipe mimi."

Alilisema kwa upole, hata kwa mzaha. Ña Ceferina alitoa mikono kwenye beseni, akaenda kuiosha bombani. Aliiosha muda mrefu sana. Tangu siku hiyo hakuomba kazi yoyote mle ndani, na nadhani hiyo ndiyo siku aliyoanza kuamini kwamba hawezi.

Kiti cha magurudumu kilifunguliwa kwa ajili ya kanisa, kwa sababu kanisa liko juu ya kilima na kilima kina mawe. Hilo nalo lilikuwa na sababu. Kisha kikawa cha kwenda langoni, maana kilikuwa kimeshafunguliwa. Kisha kikawa cha kwenda chooni. Miguu yake ikanywea ndani ya soksi. Daktari wa zahanati alimpima, akasema hana ugonjwa wowote, atembee hatua hamsini kila siku, vinginevyo miguu itasahau. Zunilda aliitikia vizuri tu. Walitembea siku nne, mama akining'inia mkononi mwa binti, wakihesabu kwa sauti. Siku ya tano ilinyesha mvua. Ya sita Zunilda aliumwa mgongo. Basi hatua hamsini zikaishia hapo.

Jioni moja, binti akimchana nywele, Ña Ceferina alisema, "Mwanangu, nirudishie kinu changu."

"Kinu hicho hapo, Mama. Unakiona."

"Nirudishie mlangoni. Na mchi."

"Utatwanga nini, jamani? Majani yako wapi?"

"Nitatwanga hata chumvi. Nataka nisimame pale kwa miguu yangu, nitwange, watu waje. Sitaki kingine, Zunilda. Ukinipa hilo, mengine yote chukua."

Zunilda alicheka kidogo, akambusu utosini. "Chumvi," alisema. "Mama una vituko wewe." Akaendelea kuchana.

Sitaki mtu amchukie Zunilda. Alikuwa akiamka kila usiku mara tatu kumgeuza mama yake. Mikono yake ilipasuka kwa sabuni. Hakuwahi kumpandishia sauti. Alikuwa ameisoma kazi ya kutunza wazee katika nyumba ambamo wazee walikuwa wamekwisha, akadhani kila mzee hutunzwa hivyo. Aliyokuwa akilipwa kuwafanyia wageni, alimfanyia mama yake bure na kwa mapenzi. Hakujua njia nyingine, nasi hakuna aliyethubutu kumwonyesha isipokuwa mzee mmoja aliyefukuzwa.

Yakapita karibu mwaka na miezi minane tangu kinu kinyamaze. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kwanza, joto kali, na upepo haukutikisa hata jani. Zunilda alimvisha mama yake, akamlisha mkate uliolowekwa kwenye maziwa, akamweka kwenye kiti sebuleni akielekea mlango ulio wazi ili apate hewa. Akafungua redio, maana mama alipenda polka za asubuhi, akaipandisha sauti aisikie na yeye nje. Kisha akamwaga sabuni ya unga uwanjani, akaanza kusugua saruji kwa ufagio, miguu peku.

Ña Ceferina aliyaona yote. Mguu wa Zunilda ulikwenda mbele kama umevutwa, ufagio ukaruka, na kisogo chake kikapiga ukingo wa kisima. Hakupiga kelele. Alilala chali katika povu, mkono mmoja ukifunguka na kufumba, kisha haukufumba tena.

"Zunilda," aliita mama. "Zunilda, inuka."

Kutoka kitini mpaka pale palikuwa na hatua kumi na mbili. Alizijua, maana alizitembea miaka hamsini akiwa na ndoo mkononi. Alisukuma magurudumu, kiti kikafika kwenye kizingiti kikagoma. Aliita watu. Sauti yake, ambayo zamani iliuza majani mpaka kona ya barabara kuu, ilikuwa imepungua kwa kukaa, na polka iliimeza yote. Akashika mikono ya kiti, akapiga moyo konde, akajiinua. Miguu ilimpeleka nusu ya kimo chake. Halafu ikalegea, na akaanguka kwa magoti na viganja juu ya sakafu.

Akiwa pale chini alikiona kinu. Mlango ulikuwa karibu, lakini hata akivuka kizingiti angefika kwa mwanawe afanye nini? Hakuwa na nguvu ya kumwinua wala sauti ya kumwitia mtu. Kinu kilikuwa na sauti. Akageuka, akaanza kujikokota kwa viwiko. Wenye afya wangefika huko kwa hatua nne. Yeye polka mbili zilianza na kuisha, na mtangazaji akasoma matangazo ya vifo, kabla hajaushika ukingo wa kinu. Akayatupa maua ya plastiki. Mchi ulikuwa ndani. Alikaa kitako, akauinua kwa mikono miwili, akautwanga mti mtupu.

Sisi tuliusikia. Wallahi tuliusikia wote. Mwanamke aliyekuwa akianika nguo nyumba ya tatu alisimama na kusema, "Eti, si Ceferina huyo?" Mwenye duka alitabasamu. Mtaa mzima ulifurahi asubuhi ile, na hakuna hata mmoja aliyekwenda, kwa sababu kinu kinacholia ni habari njema. Kimya ndicho kilichotufundisha kukimbia, na kimya kile tulikuwa tumeshakizoea.

Mzee Policarpo alikuwa ameketi kwake. Aliinua kichwa. Akasikiliza mapigo kumi, kumi na mawili, mpaka akawa na hakika. Basi akaingia ndani, akabadilisha shati, akatafuta pembe yake ya kunywea iliyokuwa imeota vumbi, akaiosha. Kisha akashika fimbo akaenda dukani, kwa sababu mapatano ni mapatano, na mwanamume haendi mikono mitupu kwenye nyumba aliyokosana nayo mwaka mzima. Dukani palikuwa na watu wawili mbele yake. Alingoja zamu yake.

"Nipe mfuko mkubwa leo," alimwambia mwenye duka. "Jirani yangu amefufuka."

Njiani alisikia mlio ukienda mbio, kisha ukikatika, kisha ukirudi polepole. Akacheka peke yake, akasema atamtania kwamba amekuwa mvivu. Alipofika langoni alipiga makofi. Hakujibiwa. Mara ya mwisho alipopita lango lile alifukuzwa, kwa hiyo hakuingia. Alisimama juani kwa adabu, akapiga makofi tena, akangoja tena. Ndipo kinu kikanyamaza kabisa, na redio ikasikika, na nyuma ya redio akasikia kitu kingine, mtu akilia kama anayekosa pumzi.

Akasukuma lango. Viatu vyake viliteleza kwenye sabuni. Macho yake hayakuona ila weupe wa saruji na kitu cheusi karibu na kisima, akainama, akagusa, akakuta mkono. Mfuko wa barafu ukamponyoka, ukapasuka, na vipande vikasambaa vikizunguka kichwa cha Zunilda.

"Njooni," alipaza sauti kichochoroni. "Njooni, nimewaua."

Tulikuja, sasa tulikimbia. Gari lilimpeleka hospitali akiwa bado anavuta pumzi. Alikata roho kabla ya alasiri. Daktari alisema damu ilivujia ndani ya fuvu, na kwamba angeletwa saa moja mapema pengine angekuwa hai. Alisema pengine, lakini sisi tulisikia lile la saa moja tu. Saa moja ndiyo iliyotumika kujikokota hatua nne na kununua barafu.

Tulisali siku tisa kama ilivyo desturi. Siku ya kumi binamu wa marehemu alikuja na gari kutoka mji mkuu. Alikuwa amepata nafasi katika nyumba ya wazee ya watawa, mahali safi, alisema, ambako hatafanya kazi yoyote. Ña Ceferina aliposikia hayo maneno ya mwisho alimtazama mpaka binamu akageuza uso.

Gari likipakiwa, Mzee Policarpo alikuja na themosi na pembe yake. Hakuwa na barafu. Akaketi kwenye kizingiti karibu na kiti cha magurudumu.

"Uliniita," alisema. "Na mimi nikaenda kununua barafu."

"Ungejuaje?"

"Ningejua. Nakijua kinu chako kuliko sauti za binti zangu. Kilikuwa kinalia kitupu, Ceferina. Hakikuwa na majani ndani. Nilisikia, nikasema ni uzee wa masikio."

Alimpa pembe. Ña Ceferina aliishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka mrija ukakoroma, akamrudishia bila kumwagika hata tone. Akatazama mahali palipokuwa na mnanaa.

"Watu wanamsema mwanangu," alisema. "Wasimseme. Alinipenda. Aliomba ndoo nikampa, akaomba sufuria nikampa, akaomba shamba langu nikasimama pale mlangoni natazama. Vyote vilikuwa vidogo, Policarpo. Hakuna hata kimoja ambacho ningekitolea machozi. Halafu akanihitaji mimi, mara moja tu tangu arudi. Hatua kumi na mbili. Nikazitafuta miguuni mwangu nikakuta sina."

Mzee Policarpo akafunga themosi. Binamu akaja na kijana wa dereva wamnyanyue. Ña Ceferina akawaashiria wangoje. Akaweka mikono kwenye kiti, akajisukuma, akasimama kweli, wima ndani ya gauni jeusi. Akapeleka mguu mmoja mbele, na wa pili. Wote tulisimama tukitazama, na wanawake wengine walishika midomo yao. Hatua ya tatu haikupatikana. Wakamdaka makwapani, wakambeba mpaka kwenye gari, wakamfunga mkanda.

Kinu kilibaki sebuleni, kwa maana watawa hawaruhusu kelele. Mzee Policarpo alikiviringisha mpaka kwake, nacho kipo huko, na hakuna akitwangaye. Ña Ceferina aliishi miezi mitano katika nyumba ile safi, akilishwa kwa kijiko, akivishwa, akigeuzwa kitandani mara tatu kila usiku. Nasi tuliomsifia bahati yake tunapopita penye lango lile tunaharakisha mwendo, kwa kuwa tulikuwa pale kila kibanzi kilipoanguka, na kila mara tulisema ni kidogo. Kweli waliosema hawakukosea: bandu bandu huisha gogo.